Nilimwandika Baba Rika la Nzige

"Mokami… huu si mwandiko wako?"

Baba aliniuliza hivyo mbele ya watu wote.

Kidole chake kilikuwa juu ya karatasi iliyobandikwa ukutani.

Wanangu, baba yangu hakujua kusoma. Neno alilolijua lilikuwa moja tu duniani, jina lake. HEZEKIA. Nilimfundisha mwenyewe nikiwa darasa la pili, kwa kijiti, kwenye vumbi la uani. Herufi ya mwisho nilikuwa naivutia mkia kama wa mbuzi, na yeye alikuwa anacheka sana kwa huo mkia.

Sasa mkia ule ulikuwa ukutani… kwenye orodha ya wanaofukuzwa kazi!

"Ni wako?" akarudia.

"Ni wangu, tata," nikamjibu baba kwa Kikurya.

Akageuka, akamtazama rafiki yake Mzee Kisyeri, mtu ambaye neno lake moja lingeweza kumwokoa.

Kisyeri akatazama chini. Jamani… alitazama chini!

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka arobaini.

* * *

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Mwaka wa njaa. Tulikuwa tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na tulikuwa tunashukuru.

Tuliishi Nkende, pale Tarime mjini. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano kubwa iliyopinda kwenye ncha. Gunia alilolishona baba ungeweza kulitupa kutoka juu ya lori lisimwage punje moja. Shazia yake alikuwa anaichomeka kwenye kofia. Hata kanisani alikwenda nayo!

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nina darasa la nne. Baba alinihangaikia kwa karani miezi mingi mpaka nikapewa nafasi ya kuchambua kahawa, kwenye chumba cha wanawake. Nilikuwa na miezi mitano tu. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuajiriwa pale kiwandani.

Shikeni hilo. Wa mwisho.

Basi siku moja redio ikatangaza, serikali imepandisha kima cha chini cha mshahara!

Weee! Kiwanda kizima kiliimba! Honoratha, niliyekuwa nachambua naye meza moja, alipanda juu ya gunia akacheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Mwezi ujao nanunua khanga mbili!" akapiga kelele. "Moja ya kuvaa, moja ya kuwatamanisha nyinyi!"

Baba alicheka. "Mimi nanunua sukari. Mama yake Mokami ameisahau sura ya sukari."

Aliyekuwa hacheki alikuwa mmoja tu. Ndugu Ildefonce, meneja. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akitutazama kama mtu anayehesabu mbuzi wa watu.

* * *

Wiki moja baadaye karani akaniita.

Karani alikuwa anaitwa Gasto, kijana wa Bukoba, mpole, ameletwa na serikali. Kikurya hakujua hata salamu. Na wazee wetu Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji.

"Dada Mokami, wewe unajua kuandika. Njoo unisaidie. Meneja anataka umri wa kila mfanyakazi mzee."

"Umri wa nini?"

"Wa kuandika tu. Hata mimi sijaambiwa."

Sikuuliza tena. Jamani, sikuuliza! Nilifurahi kushika kalamu mbele ya watu.

Sasa wazee wa Kikurya miaka ya kuzaliwa hawakuwa nayo. Mwanaume alikuwa anajua jambo moja, alitahiriwa mwaka gani. Na mwaka haukuwa na namba, ulikuwa na jina. Walioingia jandoni mwaka wa nzige ni rika la Nzige. Walioingia miaka sita baadaye, mawe yalipoanguka na mvua yakaua ndama, ni rika la Mvua ya Mawe.

Gasto akatafuta kwa watu, akapiga hesabu zake. Mtu wa Nzige ana miaka hamsini na minane. Mtu wa Mvua ya Mawe ana hamsini na miwili.

Miaka sita tu. Kumbe ndani ya miaka ile sita kulikuwa na shimo.

Habari zikatangulia kiwandani kabla yetu. Sijui nani alianzisha. "Wazee wanaandikwa! Mwenye umri mkubwa atapata nyongeza kubwa zaidi!"

Basi tukafika saa ya chakula, wazee wamekaa kuzunguka sinia la ugali. Pale palikuwa na utaratibu wake. Mkubwa wa rika ananawa kwanza, anamega kwanza, anasikilizwa kwanza. Mdogo wa rika analeta maji. Hata awe na wajukuu kumi, analeta maji!

"Haya wazee," nikasema. "Kila mmoja ataje rika lake."

Ikawa vita!

"Mimi nilikuwa naoa wakati wewe unachunga ndama!"

"Ndama gani? Nyinyi kwenu mlikuwa na kuku!"

"Andika mimi wa zamani kabisa, mwanangu, wa kabla ya Nzige! Hao nzige wenyewe niliwafukuza nikiwa na ndevu!"

Gasto alikuwa anacheka mpaka machozi, hajui hata kinachosemwa.

Zamu ya baba ikafika. Akanyoosha mgongo.

"Nzige," akasema.

Mzee Kisyeri alikuwa ameshika kibuyu cha maji ya kunawa. Alikuwa ametoka Susuni kama baba, na kwa miaka kumi pale kiwandani baba alikuwa anamwita "mura," yaani kijana, na kumtuma maji.

Aliposikia "Nzige" alimtazama baba kidogo… kama mtu anayetaka kucheka akajizuia.

"Na wewe, mura?" baba akamwuliza.

"Mimi Mvua ya Mawe," Kisyeri akasema. "Nawe, nawa mkono, mkubwa wangu."

Watu wakacheka. Baba akanawa kwanza.

Nami nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa. HEZEKIA. Nikauvuta mkia. Mbele yake nikaandika, NZIGE.

* * *

Ijumaa meneja akatukusanya uani.

"Ndugu wafanyakazi. Mshahara umepanda, hilo ni jema. Lakini fungu la mishahara la kiwanda halikuongezwa hata senti. Fedha ni zilezile. Kwa hiyo watu tisa watapungua."

Akakunjua karatasi.

"Kamati ya wafanyakazi imeridhia waliofikisha miaka hamsini na mitano wapumzishwe. Wamefanya kazi kwa heshima, wakapumzike kwa heshima."

Kisha akabandika karatasi. Karatasi yangu! Hakuhangaika hata kuiandika upya. Alipiga tu mstari mwekundu chini ya majina tisa.

Mzee yule aliyejisifu kuwafukuza nzige akakaa chini mavumbini. Mzee mwingine, wa kupepeta, akauliza, "Nyongeza yangu nitaipata lini?"

Hapo ndipo baba aliposogea ukutani, akalitafuta lile neno lake moja.

Mengine nimeshawaambia.

* * *

Tulirudi nyumbani. Mama aliposikia alipiga makofi ya uchungu.

"Nzige? Hezekia na Nzige wapi na wapi? Mokami, nenda Susuni ukamwulize shangazi yako."

"Nyamaza, mwanamke!" baba akafoka.

Mama hakunyamaza. Nami Jumamosi alfajiri nikadandia lori la mizigo, nikamalizia kwa miguu.

Shangazi yangu Gati alikuwa anapakia vyungu. Walikuwa wameamriwa kuhamia kijiji kipya, nyumba zimeshawekewa alama za kubomolewa. Nikamsalimia, nikamweleza.

Akaacha vyungu.

"Baba yako ni Mvua ya Mawe! Mimi mwenyewe nilikoroga uji wa sherehe yake. Mawe yalitoboa paa la jiko letu mwezi uleule. Na aliyesimama nyuma yake kwenye mstari, kisu kilekile, asubuhi ileile, ni Kisyeri!"

Nikachoka!

"Shangazi, sasa kwa nini baba amesema Nzige?"

"Alitangulia kwenda mjini, akakuta huko watu wa koo nyingine wasiomjua. Kila mmoja anajikweza. Naye akajikweza. Kisyeri alipomfuata kule akakuta uongo umeshaota mizizi, akamfichia. Miaka kumi anamletea maji mtu wa rika lake! Nani angefanya hivyo? Ni ndugu wa kisu."

Nikarudi mbio kwa Gasto. Naye kijana wa watu alikuwa amekonda kwa siku moja.

"Dada, umri ukiwa umekosewa, marekebisho yanakubalika," akaniambia. "Baba yako alete watu wawili wa rika lake, waseme mbele yangu. Lakini iwe Jumatatu kabla ya kengele."

Wanangu, nilikwenda kwa Kisyeri nikiruka! Nilimkuta anatengeneza jembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, nimetoka Susuni. Najua mlitahiriwa pamoja. Jumatatu njoo useme."

Akaendelea kugonga jembe.

"Baba Kisyeri! Sema utakuja!"

"Siwezi kusema neno ambalo mwenyewe hajalisema," akajibu.

"Yaani utamwacha afukuzwe na wewe ubaki ukila nyongeza?"

Aliinua macho. Yalikuwa mekundu. Nikamwambia kuanzia siku ile asiniite mwanangu.

Na Jumapili jioni, nikamvaa baba.

"Tata, nenda ukaseme ukweli. Neno moja tu. Mvua ya Mawe."

"Nikasimame mbele ya wanaume niseme miaka kumi nilinawa kwanza kwa uongo?"

"Ndiyo!"

"Walionipisha watanitemea mate, Mokami."

"Wakutemee! Mate yanafutwa. Njaa je?"

Nami nikasema neno ambalo mpaka leo nikilala linaamka.

"Kiburi chako ndicho kitakachotuua. Wewe si mwanaume, ni mtoto aliyevaa kofia ya mzee!"

Mama alishika mdomo. Baba aliitoa kofia taratibu, akaitazama, akairudisha kichwani na shazia yake. Akatoka nje.

* * *

Jumatatu nilipoamka baba alikuwa ameshatoka.

Nikasema, amekwenda kusema ukweli! Nikafika kiwandani, nikakimbilia ukutani.

Mstari mwekundu ulikuwa palepale. Ila kando ya jina lake palikuwa na kitu kipya, alama ya dole gumba, wino wa zambarau.

Gasto alipita karibu yangu. Nikamwuliza, "Baba amekuja?"

"Ameshaweka dole," akasema, akaondoka haraka bila kunitazama.

Nikajua ni dole la kupokea barua yake ya kuondoka. Nikajua kiburi kimeshinda.

Jioni nilimkuta nyumbani anaosha dole kwa majivu. Halikutoka. Sikumsalimia.

Mwezi ulipoisha nikapokea mshahara mpya. Mimi, miezi mitano kazini! Baba, zaidi ya miaka kumi, hakuna kitu. Nikanunua sukari. Baba hakuionja. Alisema tumbo halitaki.

Kila asubuhi kengele ya kiwanda ilipolia alikuwa anasimama. Anashika kofia, anafika mpaka mlangoni… halafu anakumbuka. Anarudi kukaa. Mwaka mzima!

Alijaribu kazi kwingine. Walikuwa wanamwambia, "Mzee, kwa mshahara huu wa sasa tunataka mwenye nguvu." Baba alikuwa na mikono ya chuma. Lakini barua yake ilisema Nzige, miaka hamsini na minane.

Mwishowe alipewa eka kwenye kijiji kipya, yeye na mama wakahamia. Alilima. Wanakijiji walikuwa wanamletea magunia yaliyochanika, anayashona bure, polepole, kama anayeogopa yataisha.

Nilikuwa nampelekea unga na nguo. Lakini maneno yangu na yeye yakawa ya "umeamkaje" na "kwaheri." Alikuwa akiniuliza jambo moja tu kila mara.

"Kazi bado ipo?"

"Ipo."

"Vizuri. Vizuri sana."

Nami moyoni nikisema, uliza yako uliyoitupa.

Kisyeri sikumsalimia miaka minne. Kwenye njia moja, kwenye kiwanda kimoja, nilikuwa napita kama napita mti.

* * *

Baba alifariki mwaka wa sabini na nane, kabla ya vita. Kifua.

Tulipomaliza kuzika, watu wametawanyika, Kisyeri alibaki kaburini. Alikuwa ameshika kofia ya baba. Mama ndiye aliyempa.

"Mokami," akaniita. "Sikuiti mwanangu, maana ulinikataza. Lakini leo kinywa changu kimefunguliwa. Niliapa nitanyamaza mpaka afukiwe."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwake. Jumatatu ile… tulikwenda."

"Mlikwenda?"

"Alinigongea kabla ya kuku kuwika. Akaniambia, binti yangu amesema mimi ni mtoto, na ni kweli, twende nikatubu. Tukamchukua na mwenzetu wa tatu wa rika, anayekijua Kiswahili vizuri, awe mkalimani. Baba yako alisimama mbele ya karani, akavua kofia, akasema, mimi ni mwongo, mimi ni Mvua ya Mawe. Sisi tukathibitisha."

"Alisema? Baba alisema?"

"Alisema. Na hakutemewa mate. Karani akafurahi, akachukua kalamu alifute jina. Halafu akasita. Akasema, Mzee Hezekia, meneja ametaka watu tisa. Wazee wakipungua, anajazia aliyeajiriwa mwisho."

Nami nilikuwa nimeshaelewa, lakini sikutaka.

"Baba yako akauliza, ni nani huyo? Karani akafungua daftari. Akasoma jina lako."

Nililia, wanangu. Sauti ile sikuijua kama ni yangu.

"Hakufikiri hata kidogo," Kisyeri akaendelea. "Akarudisha kofia kichwani. Akasema, karani, nimekumbuka vibaya. Mimi ni Nzige. Lete wino."

Dole la zambarau!

"Karani akamwambia, mzee, unaweka dole kwenye uongo. Yeye akasema, uongo ule wa kwanza ulikuwa wangu na wa kipumbavu. Huu wa leo ni wa mwanangu. Tukatoka. Njiani akatuapisha. Akasema, mkimwambia ataacha kazi kwa uchungu, na mimi nitakuwa nimepoteza vyote viwili. Bora anione mwenye kiburi."

"Lakini mimi nilikutukana, baba… miaka minne…"

"Nilikuwa nimezoea," Kisyeri akasema, akacheka huku machozi yanamshuka. "Nilimletea maji miaka kumi. Minne ni nini?"

Nikampigia magoti palepale kwenye udongo mbichi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba… mwanangu."

* * *

Kwenye kazi ile nilikaa miaka kumi na miwili. Niliwasomesha wadogo zangu, nikamjengea mama nyumba ya bati. Kila shilingi ilikuwa na dole la baba.

Sasa nyinyi mnaosoma huko kwenye simu zenu. Mishahara ikipanda, furahini. Hata baba alifurahi, na serikali haikukosea kumtazama mtu wa chini. Lakini ukishamaliza kucheza juu ya gunia, geuka utazame nani hayupo tena kwenye mstari. Mara nyingi ni yule mwenye mvi. Na ukipewa kalamu uandike majina ya watu, uliza kwanza karatasi inakwenda wapi! Mimi sikuuliza.

Na kama una mzazi uliyemwita mwenye kiburi, mwenye roho ngumu… mpigie leo. Hujui aliweka dole wapi.

Shazia ya baba ninayo, Kisyeri aliichomoa kwenye ile kofia akanipa. Ina kutu kidogo kwenye ncha.

Mimi niliandika "Nzige" bila kujua. Yeye alilitia dole akijua.